Mwanao Yu Ng'ambo, na Maradhi Yamefunga Njia

Ndugu msomaji, keti kidogo tufikiri pamoja. Tuseme wewe wakaa Tumati. Jioni imeingia, baridi yashuka, na makande yako motoni. Wahesabu bakuli za watoto, moja halina mwenyewe. Mwanao yuko ng'ambo kusoma; siku alipopata nafasi hiyo ukoo mzima ulishangilia. Leo redio yasema kwamba mji anaokaa umefungwa kwa sababu ya maradhi: haingii mtu wala hatoki mtu. Je, mzazi, utafanya nini?

Usidhani hii ni hadithi tu. Mambo haya yaliwapata wazazi wengi wa nchi yetu mwaka 2020.

Mji wenyewe ni Wuhan, katika jimbo la Hubei nchini China, wenye watu kama milioni 11. Ugonjwa mpya wa mapafu ulionekana huko Desemba 2019, ndio tuliokuja kuuita Korona. Tarehe 23 Januari 2020 serikali ya China iliufunga mji. Garimoshi, mabasi na ndege vilisimama. Balozi wetu wa siku zile huko China, Mbelwa Kairuki, alieleza kwamba wanafunzi Watanzania waliokuwamo Wuhan walizidi 400. Wakenya nao walikuwa kama mia moja.

Tena ilikuwa siku mbili tu kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Wanafunzi wenyeji wengi walikuwa wamekwisha kwenda kwao likizoni, na wageni wakabaki katika mabweni yaliyo kimya. Malango yakafungwa. Walipimwa joto la mwili, chakula kiliagizwa na kuachwa langoni, na masomo yakafuatwa kwa intaneti chumbani. Hali hiyo ilidumu siku 76, hata mji ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili. Kwa hesabu ya serikali ya China, watu 3,869 walikufa kwa Korona katika mji huo mmoja.

Huku nyumbani wazazi walilia, "Warudisheni watoto wetu!" Nao walikuwa na sababu, kwa maana waliona Marekani, Ufaransa, Japani, hata Moroko na Algeria, zikipeleka ndege kuchukua watu wao. Tanzania, Kenya na Uganda hazikufanya hivyo. Wanafunzi wao waliambiwa watulie walipo. Uganda iliwapelekea wake fedha za matumizi. Mzazi aliyesikia hayo aliona uchungu, wala hatuwezi kumlaumu.

Lakini tupime upande wa pili. Ugonjwa huu waweza kukaa ndani ya mtu hata siku 14 kabla ya dalili kuonekana. Mwana anashuka garini akiwa mzima machoni. Bibi anamkumbatia, majirani wanajaa nyumbani, wote wanakula sahani moja. Kumbe amekuja na mgeni asiyeonekana. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, alikuwa msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushuka siku iliyotangulia katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ule ule tunaoutumia sisi wa Mbulu. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Kidato cha sita na vyuo vilirudi tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Hivyo Wuhan ilipofunguliwa, watoto wetu wa hapa ndio waliokuwa wamefungiwa shule.

Wazee Wairaqw hawatashangaa. Wanaijua desturi ya kale ya kuitenga nyumba iliyofikwa na kifo cha namna fulani, watu wake wasichangamane na wengine hata muda wao utimie. Sababu za desturi ile si zile za daktari, lakini mzee anajua jinsi kutengwa kunavyouma, na kwamba kuna mwisho wake.

Wala tusiseme kwamba kubaki au kurudi kulikuwa rahisi. Wanafunzi waliokuwa wametoka China walikuta mlango umefungwa nyuma yao: tangu tarehe 28 Machi 2020 wageni wengi walizuiwa kuingia, na wanafunzi walianza kuruhusiwa tena Agosti 2022. Fikiri kijana anayesomea udaktari, miaka miwili na zaidi asimguse mgonjwa, anajifunza kwa simu! Waliobaki nao walipata mateso yao. Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou, Waafrika wengi walitolewa katika vyumba vyao vya kupanga na kukataliwa hotelini, kwa kuwa watu waliwaogopa. Hofu humfanya mtu asahau utu wa mwenzake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hatari ile kuu imekwisha. Lakini kabla yake ilikuwapo homa ya 1918, iliyofika mpaka Tanganyika mwishoni mwa vita. Na nyingine yaweza kuja. Basi, mzazi, ujiweke tayari.

Kabla mwanao hajaondoka, andika katika daftari jina la chuo chake, namba ya pasi yake na simu ya ubalozi wetu. Mwagize ajiandikishe ubalozini mara afikapo, na aweke akiba kidogo asiyoigusa. Taabu ikija, usimpigie simu kumlilia tu. Yeye naye analia, ila anakuficha. Muulize amekula nini, amelala saa ngapi, na nani yuko chumba cha pili. Mwambie mahindi yameota na ng'ombe amezaa. Habari hizo ndogo humrudisha mtu nyumbani bila nauli. Uvumi wa sokoni usimfikishie.

Na siku atakaporudi, akiagizwa kukaa peke yake, mpelekee chakula mlangoni wala usione haya. Siku zikitimia, uwe wa kwanza kumshika mkono mbele ya majirani, wapate kujua kwamba hofu imekwisha.

Wahenga walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mwanao akiwa mbali macho yako hayamwoni, lakini moyo usife.