Je, Wajua? Mnong'ono Unaogeuka Wimbo

Ng'ambo ya mji wa Uvira nchini Kongo, upande wa Burundi, hupigwa inanga: ubao uliochongwa kina kama sinia, na uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku hadi ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna noti, lakini msikilizaji atakuapia kwamba amesikia sauti ya mwimbaji ikipanda na kushuka! Mtafiti Cornelia Fales alilieleza jambo hili mwaka 2002 katika jarida la Ethnomusicology: sikio huchukua noti za nyuzi na kuziweka mdomoni mwa mwimbaji. Wapigaji walikuwa wakiutumia ujuzi huo kabla maabara yoyote haijaupima, na hilo linastahili heshima.

Upande wa Kongo, katika jimbo la Kivu Kusini, kaskazini mwa Uvira, Wabashi wana ala ya ukoo huohuo, lulanga. Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wao mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1964 akatoa The Anthropology of Music, kitabu kinachofundishwa vyuoni hadi leo. Kivu Kusini, basi, ilichangia kumlea mwanazuoni huyo.