Kilebu Anapohara, Maji Kwanza

Sote tuliokariri orodha ya vikembe tangu shule ya msingi tunajua kwamba mtoto wa ng'ombe ni ndama na mtoto wa mbwa ni kilebu. Swali hilo likija kwenye mtihani, hakuna wa kulikosa. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo atafanya nini kilebu wake akianza kuendesha, naye atakuna kichwa tu. Makala haya basi yanahusu kuhara kwa vilebu, jambo linaloonekana dogo ilhali linaua mbwa wachanga wengi mitaani mwetu.

Huenda mwenzangu akauliza, mbwa na chama cha Kiswahili wapi na wapi? Jibu ni kwamba hapa Kiserian mbwa si pambo. Wafugaji walioko kuelekea Corner Baridi hutegemea mbwa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya fisi. Waliojenga mitaani hutegemea mbwa kubweka mwizi akiruka ua. Isitoshe, sisi wanafunzi wa shule ya kutwa ndio tunaolisha mbwa asubuhi kabla ya kuondoka na jioni tukirudi, maana wazazi wengi huwa kazini Rongai au Nairobi. Kwa hivyo wa kwanza kuona kwamba choo cha kilebu kimebadilika ni mimi na wewe.

Kinachoua hasa ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba kilebu huuawa na kule kuhara kwenyewe, kwa hivyo hukimbilia kutafuta dawa ya kufunga tumbo. La hasha! Mara nyingi kinachomwua ni maji na chumvi zinazotoka mwilini pamoja na kinyesi na matapishi.

Hebu tupige hesabu. Chukua kilebu mwenye uzito wa kilo mbili, yaani sawa na pakiti moja ya unga wa ugali. Akipoteza maji ya asilimia 5 ya uzito wake, dalili huanza kuonekana. Asilimia 5 ya kilo mbili ni gramu 100, ambazo ni nusu glasi ya maji. Akifikisha asilimia 10, yaani glasi moja tu, maisha yake yamo hatarini. Mbwa mkubwa wa kilo thelathini akipoteza glasi hiyo moja hata hatatambua. Ndiyo maana mbwa mzima anaweza kuhara siku mbili akapona mwenyewe, lakini kilebu akilala anahara usiku mmoja, asubuhi unaweza kumkuta amekauka.

Kupima kama maji yamepungua si kazi ngumu wala hakuhitaji mashine. Kwanza, finya ngozi ya juu ya mabega, uinyanyue kisha uiachilie. Ikirudi mahali pake papo hapo, ni vyema. Ikibaki imesimama kama hema, maji yamepungua. Pili, gusa ufizi wake. Ufizi wa mbwa mwenye afya huwa umelowa na wa rangi ya waridi. Ukiwa mkavu na wa kunata, au umekuwa mweupe, hiyo ni hatari. Tatu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe, halafu uachilie. Rangi yapaswa kurudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Nne, tazama macho kama yameingia ndani.

La kufanya saa za kwanza

Ikiwa kilebu anahara lakini bado anacheza, anatingisha mkia na hatapiki, unaweza kumtunza nyumbani kwa siku moja ukimwangalia. Chemsha maji lita moja, yaache yapoe, kisha utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kujaza kilima. Maji haya ni yale yale wanayopewa watoto wachanga wanaohara. Siri yake ni kwamba utumbo, hata ukiwa mgonjwa, huweza kufyonza chumvi na sukari zikiwa pamoja, na maji huzifuata nyuma. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi waliougua kipindupindu maji ya namna hii kambini, akaokoa maisha ya watu wengi wakati chupa za maji ya kutiwa mshipani zilipokuwa hazitoshi.

Mpe kilebu kijiko kimoja cha chai kila dakika kumi au kumi na tano. Usimmiminie bakuli zima kwa pupa, kwa sababu tumbo lililochafuka hurudisha yote. Haraka haraka haina baraka. Akikataa kulamba, mtilie pole pole kando ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usimwinulie kichwa juu, maji yasije yakaingia mapafuni. Akiwa amelegea kiasi cha kutoweza kumeza, usimtilie chochote mdomoni, mpeleke kwa daktari.

Kuhusu chakula, wako wanaosema kilebu anayehara alale njaa siku nzima. Mbwa mzima anaweza kustahimili, lakini kilebu mdogo hana akiba mwilini. Akikaa na njaa muda mrefu, sukari ya damu hushuka, akaanza kutetemeka na hata kuzimia. Mpe chakula chepesi kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Wali uliopikwa ukalainika, pamoja na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mafuta, unafaa sana. Usitie kitunguu wala mchuzi wa jana, kwani kitunguu huharibu damu ya mbwa.

Maziwa ya ng'ombe nayo yawekwe kando. Najua wengi watashangaa, maana nyumbani kilebu na maziwa ni chanda na pete. Ukweli ni kwamba maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko maziwa ya mbwa, na utumbo mgonjwa hushindwa kuisaga. Sukari hiyo ikibaki utumbonini huvuta maji, na kuhara huzidi.

Jambo ambalo halina mjadala ni dawa za binadamu. Panadol na Brufen, ambazo hazikosi katika nyumba yoyote, zinaweza kumwua mbwa kwa kuharibu ini, figo au tumbo lake. Vidonge vya kufunga tumbo pia usimpe, kwani vinaweza kumfungia ndani sumu au viini ambavyo mwili unajaribu kuvitoa.

Chanzo ni kipi?

Baada ya maji ndipo tutafute chanzo. Cha kwanza ni mabadiliko ya chakula. Kilebu anayetolewa kwa mama yake leo na kesho apewe ugali na matumbo lazima atahara. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja, kikichanganywa na alichokizoea. Pia asitolewe kwa mama kabla ya majuma manane.

Cha pili ni minyoo. Vilebu wengi huzaliwa nayo tayari, kwa sababu minyoo mikubwa ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwao wakiwa bado tumboni, na mingine hupitia katika maziwa. Utaona tumbo limefura kama ngoma huku mbavu zikihesabika. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu, hata ufizi ukawa mweupe na choo kikawa cheusi kama lami. Dawa ya minyoo ya mbwa hupatikana katika duka la agroveti. Hutolewa kilebu akiwa na majuma mawili, halafu kila baada ya majuma mawili mpaka afikishe majuma manane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Kipimo hutegemea uzito, basi mpime kwanza. Panda juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe.

Cha tatu, na ndicho kibaya zaidi, ni ugonjwa wa virusi uitwao pavo. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1978, na kwa muda mfupi ukaenea dunia nzima. Hushika hasa vilebu wa majuma sita hadi miezi sita. Kwanza kilebu hukataa chakula na kujikunyata pembeni, kisha hutapika, halafu huhara kinyesi chenye damu na harufu kali isiyosahaulika. Virusi hivyo hushambulia ngozi laini ya ndani ya utumbo pamoja na uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Yaani adui anavunja ukuta na wakati huo huo anawaondoa walinzi. Bila matibabu, wengi wao hufa. Wakiwahiwa na daktari wakatiwa maji mshipani, wengi hupona.

Si lazima iwe sumu ya jirani

Hapa ndipo ningependa tukae kitako. Kuna ploti moja mtaani kwetu ambamo vilebu watatu walikufa katika juma moja, wote wakiwa wanahara damu. Mwenye mbwa alimshuku jirani yake kwamba amewatilia sumu, kwa kuwa jirani huyo aliwahi kulalamika kuhusu kelele za mbwa. Maneno makali yakarushwa, wake zao wakaacha kusalimiana, na hata watoto wakakatazwa kuja shule pamoja. Kilebu wa nne alipoanza kulegea, kijana wa boma hilo alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kinyesi kilipimwa, pavo ikaonekana. Kilebu alipona. Urafiki wa wazee wale bado haujapona sawasawa.

Kwa kawaida sumu za wadudu zinazotumiwa kuua mbwa hufanya kazi upesi. Mbwa aliyekuwa mzima hutokwa na mate mengi, hutetemeka na kukakamaa, na huweza kufa katika muda wa saa chache. Pavo huanza kwa kukosa hamu ya kula na huvuta siku mbili tatu au zaidi. Anayeweza kuthibitisha ni daktari tu. Basi kabla ya kumnyooshea jirani kidole, peleka kilebu akapimwe. Kumshtaki mtu bure ni kubomoa ujirani.

Nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya: damu katika choo, kutapika kila anachokunywa, ngozi iliyosimama, ufizi mweupe, au kilebu asiyetaka kuinuka. Ikiwa hajafikisha miezi mitatu, usingoje hata kesho.

Kinga ni bora kuliko tiba

Chanjo ya pavo huanza kilebu akiwa na majuma sita hadi manane, kisha hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka afikishe majuma kumi na sita. Kwa nini irudiwe? Kwa sababu kinga aliyopewa na mama kupitia maziwa ya kwanza hupigana na chanjo pia. Kinga hiyo huisha kwa wakati tofauti kwa kila kilebu, nasi hatuna macho ya kuiona ikiisha.

Wengine husema, "Mbwa wangu alidungwa ile ya serikali." Kampeni hizo aghalabu huwa za kichaa cha mbwa. Ni muhimu sana, lakini hazizuii pavo. Chanjo ya pavo kwa kawaida huchanganywa na ya distempa, ugonjwa mwingine unaoharisha vilebu na kuwatoa makamasi. Distempa si mchezo. Mwaka wa 1994 iliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti nchini Tanzania, ikafika hadi Maasai Mara kwetu, na mbwa wa vijiji vya karibu ndio walioshukiwa kuwa chanzo.

Usafi nao una sehemu yake. Virusi vya pavo huweza kuishi udongoni mwaka mzima au zaidi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya simiti ikishaoshwa, ipigwe kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, iachwe dakika kumi. Kilebu mwingine ambaye hajachanjwa asiletwe kwenye boma hilo.

Mwisho ni jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Kiserian, mji wa soko la mifugo na vichinjio. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji tusiwatupie mbwa yakiwa mabichi. Humo mna mbegu za tegu mdogo ambaye huenda asimharishe mbwa hata kidogo, lakini mayai yake yakitoka na kinyesi na kumfikia mtu, humwotesha uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana miongoni mwa jamii za wafugaji, Turkana na pia hapa Umaasaini. Kwa hivyo viungo hivyo vichomwe au vifukiwe kwenda chini, na kila ukishika mbwa au kinyesi chake unawe mikono kwa sabuni.

Wenzangu, na walimu wetu wapendwa, si kila boma litamudu gharama ya daktari kila mara. Lakini ni nani asiyekuwa na maji, sukari na chumvi? Kilebu akianza kuhara leo jioni, usianze kwa kutafuta mchawi wala kidonge. Finya ngozi, tazama ufizi, chemsha maji. Mengine yatafuata.