SHAWA YA UMEME IKIHARIBIKA, TUANZE NA KIPI?





Katika mikoa yetu ya baridi, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Iringa, Njombe na Mbeya, miezi ya Juni na Julai haina masihara. Mwenye kuamka kabla ya alfajiri ili aoge janaba na kuiwahi swala huyaonea uzito maji ya simtanki yaliyolala nje usiku kucha. Ndiyo maana nyumba nyingi zimefunga shawa ya umeme, ile yenye kichwa cha plastiki inayopasha maji palepale yanapopita. Ni neema kubwa. Hata hivyo, ni kifaa kinachokutanisha maji na umeme juu ya kichwa cha mtu asiye na nguo wala viatu, na hapana mahali pengine nyumbani ambapo tunakubali jambo kama hilo.

Majumbani tumeona desturi moja inayotutia wasiwasi. Maji yakitoka baridi, fundi huitwa siku hiyo hiyo. Koki ikiwa "inapiga" kidogo wakati wa kuifunga, fundi haitwi. Watoto huambiwa tu wavae ndala, au waifunge koki kwa kitambaa. Kwa maoni yetu mpangilio huu umepinduka. Maji baridi ni usumbufu, lakini ile shoti ndogo ni hitilafu inayoweza kuua, na ndiyo itakayotangulia katika makala hii.

Kwanza tuelewe shawa inavyofanya kazi. Ndani ya kichwa chake mna chumba kidogo cha maji, na humo mna koili, yaani waya uliosokotwa kama springi. Tukifungua maji, presha yake husukuma kiwambo cha mpira, nacho hukutanisha vipande vya shaba, umeme ukapita kwenye koili. Tukifunga maji, kiwambo hurudi na umeme hukatika. Shawa iliyozoeleka ni ya wati 5,500. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni ampea 24 hivi, sawa na pasi tano na nusu za wati 1,000 zikiwaka kwa pamoja. Na katika shawa nyingi za bei nafuu koili haina ganda lolote. Maji yanayotuangukia yametoka kuigusa waziwazi.

Sasa, maji yaliyogusa koili hubeba umeme kidogo. Waya wa ethi, ule wa rangi ya kijani na njano, kazi yake ni kuupokea umeme huo na kuuteremsha ardhini kabla haujamfikia mtu. Ethi ikikosekana, umeme hufuata maji yaliyomo bombani hadi kwenye koki ya chuma, na hapo husubiri mkono. Bomba kuwa la plastiki si kinga, kwa sababu njia yake ni maji yenyewe.

Kwa hiyo koki inayopiga hutuambia jambo, na mara nyingi ni kwamba ethi haifanyi kazi. Huenda fundi aliukunja waya wa kijani na kuufunga tepu, akisema shawa inawaka vizuri bila huo. Ni kweli inawaka, na hapo ndipo penye hadaa, kwa kuwa ukosefu wa ethi haupunguzi joto la maji hata kidogo. Huenda waya umefungwa ipasavyo, lakini ile nondo iliyozikwa nje imeshika kutu kwenye kiungio chake, au mtu alipalilia bustani akaukata waya bila kujua. Pia maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji matamu, na nyumba ikihama kutoka maji ya bomba kwenda maji ya kisima, shawa iliyokuwa tulivu miaka yote inaweza kuanza kupiga. Kwa maji ya namna hiyo zipo shawa ambazo koili yake imefunikwa ganda. Bei yake ni kubwa kidogo, nasi tunaona inastahili.

Wako pia mafundi wanaofunga ethi ya shawa kwenye waya wa nyutro palepale bafuni. Mzazi asikubali. Nyutro ikikatika mahali fulani, hata nje ya nyumba, ethi hiyo ya bandia hugeuka njia ya kuleta umeme kamili bafuni.

Mtoto akipigwa afanye nini? Asiiguse koki tena, aache maji yamwagike. Atoke, ajikaushe mikono, azime swichi ya shawa ambayo inatakiwa iwe nje ya bafu, au azime meni swichi. Akishazima ndipo arudi kufunga maji. Na tukimkuta mtu amenaswa, tusimshike kwa mkono mtupu kabla ya kuzima umeme, hata kama ni mama au ndugu, kwa kuwa msiba wa mmoja utakuwa wa wawili. Kuanzia hapo shawa haitumiki mpaka fundi aipime ethi kwa kifaa. Testa ya bisibisi haitoshi kwa kazi hiyo. Ndala nazo haziaminiki: zimelowa, miguu imelowa, na mkono ulioshika koki unaweza kuwa karibu na ukuta wenye maji.

Kuna kifaa kingine kinachookoa maisha, mafundi hukiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata wote kwa kufumba na kufumbua. Shawa yenye koili wazi wakati mwingine hukifanya kikate kila inapowashwa, na hapo baadhi ya mafundi hukiondoa ili wenye nyumba wasisumbuke. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele. Kibaki, ibadilishwe shawa.

Tukishamaliza hilo, hitilafu nyingine ni nyepesi. Maji yakitoka baridi kabisa, mwanafunzi yeyote anaweza kuchunguza mambo matatu bila kufungua kitu: je, taa nyingine zinawaka? Je, breka ya shawa imeanguka? Je, maji yanatoka kwa nguvu? Hili la tatu ndilo linalosahaulika. Tangi likiwa mita 10 juu ya shawa, presha yake ni kama baa 1. Likiwa mita 1 tu juu yake, ni sehemu moja ya kumi. Presha ikiwa ndogo mno kiwambo hakisukumiki, na umeme haupiti ingawa kila kitu ni kizima. Mchanga kwenye kichujio huleta hali hiyo hiyo. Kama maji yana nguvu na umeme upo, basi koili imekatika au vipande vya shaba vimeungua. Fundi, umeme ukiwa umezimwa, atapima koili kwa mita: nzima itaonyesha ohm 10 hivi, iliyokatika haitaonyesha njia yoyote.

Maji ya uvuguvugu huwa ni suala la hesabu. Wati 5,500 zikipasha lita 3 kwa dakika, joto hupanda nyuzi 26 hivi. Tukifungua zaidi mpaka lita 6, hupanda nyuzi 13 tu. Kwa hiyo anayetaka maji ya moto apunguze mtiririko. (Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kipimo cha saa ambacho Mtume, S.A.W., alikuwa akiogea: kinakaribia lita 3, yaani dakika moja ya shawa iliyopunguzwa. Dakika 10 zinakula karibu uniti nzima ya LUKU.) Umeme mdogo wa jioni nao hupunguza joto kuliko tunavyodhani. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya shawa hubaki kama thuluthi mbili.

Breka ikikata kila mara, au kukiwa na harufu ya plastiki inayoungua, tuzime na tusirudie kujaribu. Mara nyingi waya ni mwembamba. Waya wa 2.5, uliokusudiwa soketi, haufai. Shawa hupewa waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa 4 au wa 6, kwa kadiri ya umbali na maelezo ya mtengenezaji. Viungio vifungwe kwa konekta ya kauri, kwani ya plastiki huyeyuka. Wengine hutatua tatizo kwa kuweka breka kubwa zaidi. Wakifanya hivyo, waya wenyewe ndio unaokuwa fyuzi, juu ya dari, tusipouona.

Koili ikinunuliwa, tusome volti zake. Shawa hizi ni maarufu sana Brazil, ambako baadhi ya miji hutumia volti 127 na mingine 220, na koili ya 127 ikifungwa kwetu huungua papo hapo. Baada ya kufunga koili mpya, maji yaachwe yatiririke kwanza umeme ukiwa umezimwa, chumba kijae, kwa kuwa koili ikiwaka pakavu haidumu hata dakika. Na kitufe cha kuchagua joto kisigeuzwe maji yakiwa yanatoka.

Matundu yakiziba kwa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, zima umeme, fungua sahani yake na uiloweke kwenye siki usiku kucha. Asubuhi isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, isuuzwe na kurudishwa mahali pake kabla ya mtu yeyote kuwasha swichi.