Sauti ya Jumapili Hutunzwa Jumatatu

Nenda kwenye kwaya yoyote jioni ya kuamkia tamasha, hutakosa kuona chupa inayopita mkono kwa mkono: maji ya moto, tangawizi iliyopondwa, limau na asali. Pembeni yupo anayetafuna karafuu, na yupo aliyekunywa yai bichi tangu asubuhi. Waimbaji wa taarabu, wasoma kasida na waadhini nao wana tiba zao. Nia ni njema, lakini mazoea haya yametufanya tuikumbuke sauti dakika za mwisho, wakati uharibifu ulishafanyika siku nyingi nyuma.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna tone la chai hiyo linalogusa nyuzi za sauti. Nyuzi hizo zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa. Tunapomeza, kifuniko kidogo hushuka, nyuzi zenyewe hubana, na kinywaji huelekezwa kwenye umio hadi tumboni. Tone likikosea njia na kuzigusa, unapaliwa. Asali hutuliza kuta za koo, limau huongeza mate, na nafuu unayoisikia ni ya kweli. Ila ni nafuu ya koo, na anayeimba si koo.

Nyuzi zile zile, kazi zote

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini wenye ute. Kwa mwanamke mtu mzima zina urefu wa takriban milimita 12 hadi 17, na kwa mwanamume 17 hadi 25. Hewa ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hugongana na kuachana kwa kasi kubwa. Mwanamke anapozungumza kawaida, zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde. Soprano akishika ile noti ambayo wapiga ala huitumia kulinganisha vyombo vyao, zinagongana mara 440 kwa sekunde.

Fanya hesabu ndogo. Mwanamke ambaye sauti yake imetoka kwa jumla ya saa moja tu katika siku nzima, ukiondoa vituo na vimya vyote, ameshazigonganisha nyuzi zake mara 720,000 kabla hajafika mazoezini. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi, kondakta wa daladala, muuza mitumba anayenadi juani, mama anayewaita watoto kutoka uwanja wa pili: hakuna kati yao mwenye sauti moja ya kazi na nyingine ya kwaya. Kinachoharibika sokoni ndicho kinachokosekana kanisani.

Mgongano wa nguvu ukirudiwa kila siku, utando huota vinundu, kwa namna ile ile kiganja cha mshika jembe kinavyoota sugu. Nyuzi zenye vinundu hazifungi sawasawa, hewa inavuja katikati, na sauti inakuwa na mikwaruzo. Dalili huanza mahali ambapo wengi hawapaangalii, yaani kwenye noti za juu zinazoimbwa kwa upole. Ndiyo maana kuna kipimo rahisi ambacho kila mwimbaji anaweza kukifanya asubuhi. Chukua kipande kifupi cha wimbo unaoujua, kipandishe hadi noti zako za juu, kisha kiimbe kwa upole usioweza kumwamsha mtoto aliyelala. Pumzi ikitangulia na sauti ikachelewa kufuata, au noti ikikatika ambapo jana haikukatika, nyuzi zimevimba. Siku hiyo punguza matumizi. Kuimba kwa nguvu kunaweza kuuficha uvimbe. Kuimba kwa upole kunaufichua.

Tabia za mchana kutwa

Anza na kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo sote tunalifanya bila kujua: mtu akiwa penye kelele, sauti yake hupanda yenyewe. Kwenye basi lenye muziki, kwenye harusi, karibu na mashine ya kusaga, unapiga kelele ukidhani unaongea. Msogelee unayezungumza naye, au subiri kelele ipungue. Kumwita mtu aliye mbali, piga makofi au mtume mtoto. Mwalimu wa shule anaweza kuwazoesha wanafunzi ishara ya mkono ya kunyamaza badala ya kushindana nao kwa sauti.

Ya pili ni kujikohoza. Kile kitendo cha kusafisha koo kwa kishindo kabla ya kuanza kuimba huzigonga nyuzi kwa nguvu, nazo hujikinga kwa kutoa ute zaidi, ambao unakufanya ujikohoze tena. Ukihisi kitu kimekwama, meza mate mara mbili, kunywa funda la maji, au guna taratibu huku midomo imefumba. Mara nyingi ute huondoka wenyewe.

Ya tatu ni maji. Kwa kuwa maji hayapiti juu ya nyuzi, huzifikia kwa njia ya damu, na safari hiyo huchukua muda. Chupa unayoimaliza dakika tano kabla ya kuimba itakupeleka chooni tu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mkojo wa rangi hafifu ni dalili kwamba yanatosha. Kwa wasomaji wa Kurani wanaosalisha tarawehe mwezi wa Ramadhani, maji yagawanywe kati ya futari na daku, yasinywewe yote kwa pamoja mara baada ya adhana.

Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa. Kwa hiyo mvuke una faida ambayo chai haina. Weka maji ya moto kwenye bakuli juu ya meza iliyotulia, yaache yapoe kidogo, kisha vuta mvuke kwa pua na mdomo kwa dakika tano hadi kumi. Si lazima kuwe na majani wala mafuta ya kuchua, na sufuria isiwekwe miguuni pako wala karibu na watoto, maana wengi wameungua kwa kujifukiza. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, moshi ni adui wa moja kwa moja: sigara, shisha, kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha. Watu hupenda kumtolea mfano Bi Kidude wa Zanzibar, aliyejulikana kwa kuvuta sigara na bado akaimba hadi uzeeni, akapata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki mwaka 2013. Ni kweli, na alikuwa hazina kubwa. Lakini waliopoteza sauti kwa moshi hatuwasikii, kwa sababu hawaimbi tena.

Chakula cha usiku na usingizi

Wapo waimbaji wanaoamka sauti ikiwa nzito na koo chungu ilhali hawakuimba jana. Mara nyingi chanzo ni tindikali ya tumbo inayopanda usiku hadi kwenye zoloto, na inaweza kufika huko bila hata kiungulia kusikika. Mazoezi ya kwaya huisha usiku, mtu anafika nyumbani na njaa, anakula ugali na samaki wa kukaanga wenye pilipili, kisha analala. Kula kabla ya mazoezi, na usiku ule kitu chepesi. Acha kama saa tatu kati ya mlo mkubwa na kitanda. Tatizo likiendelea, inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hivi kwa kuweka matofali au vipande vya mbao. Na ile tangawizi kali yenye limau, kwa mtu mwenye tindikali, huenda ndiyo inayomwongezea shida.

Mazoezini

Kabla ya kuimba, tafuta mrija wa soda na glasi ya maji iliyojaa nusu. Zamisha ncha ya mrija kama sentimita tatu. Bana mrija kwa midomo, hewa isivuje pembeni wala puani, kisha toa sauti ya “uuu” ndani ya mrija hadi maji yatoe mapovu. Mapovu yanatakiwa kuwa sawasawa; yakirukaruka, unasukuma mno. Teleza kutoka noti ya chini hadi ya juu na kurudi, polepole, kwa dakika mbili au tatu. Mtaalamu wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelitangaza sana zoezi hili na kueleza namna linavyofanya kazi: hewa inayozuiwa na mrija hurudisha mgandamizo kuelekea kwenye nyuzi, nazo zinatetema bila kugongana kwa nguvu. Lifanye tena baada ya kuimba, ili sauti ishuke taratibu.

Viongozi wa kwaya wana wajibu mkubwa hapa. Kinanda na spika zikizidi, mwimbaji hajisikii, naye atapiga kelele hadi ajisikie. Jambo alilolieleza Lombard linatokea kanisani kila wiki. Punguza vyombo, geuza spika moja iwaelekee waimbaji. Usimlazimishe mwenye sauti ya pili kuimba ya kwanza kwa sababu tu soprano ni wachache. Wimbo mpya ujifunzwe kwa sauti ndogo, na noti za juu ziimbwe kwa ukamilifu mara chache tu katika usiku mmoja.

Sauti ikikauka

Mafua yakishuka kooni na sauti ikapwelea, dawa kubwa ni kunyamaza. Usinong'one kwa kulazimisha, maana kwa wengi kunong'ona hukaza zoloto zaidi ya kuongea taratibu. Usikimbilie antibayotiki dukani, kwani mara nyingi chanzo ni virusi, ambavyo dawa hizo haziviui. Pipi za menthol hutia ganzi, na ukiimba juu ya ganzi hutaonywa na maumivu. Aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda, hivyo mwimbaji asiitumie ovyo karibu na onyesho. Aliyeandikiwa na daktari asiiache bila kumuuliza.

Mikwaruzo ikipita wiki tatu, au ukipata shida ya kumeza, uvimbe shingoni au damu kwenye makohozi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha kuimba papo hapo, kwa sababu huenda mshipa mdogo umepasuka kwenye uzi, na umwone daktari mapema. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Kenyatta zina idara hiyo. Ukipata shida ya kupumua, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Kuziangalia nyuzi si jambo la kuogopesha: mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Manuel García, alizitazama za kwake kwa kioo kidogo na mwanga wa jua. Leo daktari hutumia kamera nyembamba, na kwa kawaida uchunguzi humalizika kwa dakika chache.

Kwa hiyo, walimu wa kwaya, kabla ya kununua spika nyingine, wekeni katika ratiba dakika kumi za kupasha sauti, mapumziko ya maji katikati, na ruhusa ya mgonjwa kukaa bila kuimba na bila kuonekana mvivu. Nanyi waimbaji, chai ya tangawizi endeleeni kuinywa kama mnaipenda. Lakini utunzaji wa sauti uanze Jumatatu asubuhi.