Asilimia 66 ya nini?

Hospitali ikitangaza kwamba matibabu yake ya ubongo yamefaulu kwa asilimia fulani, uliza kwanza: waliposema "kufaulu" walipima nini?

Chukua Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda. Wengi wa watoto wenye vichwa vikubwa wanaofikishwa pale waliugua maambukizi ya ubongo wakiwa wachanga. Njia za maji ya ubongo zikaziba, maji yakajaa, kichwa kikavimba. Tiba iliyozoeleka ni kupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo huokoa maisha, ila unaweza kuziba wakati wowote, hata baada ya miaka, na mama aliye kijijini hana pa kukimbilia usiku.

Katika hospitali hiyo, daktari Benjamin Warf akachagua njia nyingine: kuingiza kamera nyembamba, kutoboa tundu ndani ya ubongo maji yapate kupita, kisha kuunguza tishu zinazoyatengeneza. Matokeo aliyochapisha 2005 yalionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa asilimia 47. Likiunganishwa na kuunguza, 66. Kufaulu hapo maana yake mtoto hakuhitaji upasuaji mwingine. Akili yake haikuwamo katika hesabu hiyo.

Akili ilipimwa baadaye, katika utafiti uliochapishwa 2017. Watoto 100 wa chini ya miezi sita waligawanywa kwa bahati nasibu, takriban nusu mpira, nusu tundu pamoja na kuunguza. Baada ya mwaka mmoja, tundu lilikuwa limeshindwa kwa asilimia 35 na mpira 24, tofauti isiyotosha kutoa hukumu kwa idadi ile ya watoto. (Tundu likishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, mpira ni deni la maisha.) Alama za akili nazo hazikupishana kwa kiasi cha maana: 4 kwa tundu, 2 kwa mpira. Wastani wa mtoto mwenye afya ni 10.

Kwa hiyo upasuaji unaweza kufaulu na mtoto akabaki nyuma, kwa sababu maambukizi yalishaharibu ubongo kabla ya kisu. Mtoto mchanga akipata homa au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kliniki, hakikisha muuguzi amepima mzunguko wa kichwa.