Nafuu ya Serikali Hufika kwa Njia Gani?

Mara kwa mara wakulima wa skimu za makazi upande wa Thika na Ruiru huja ofisini wakiuliza neno moja: "Serikali imetangaza nafuu. Yangu itafika lini?" Swali hili ni la haki, maana fedha za nafuu hutoka katika kodi, na kodi twalipa sote. Lakini jibu si moja. Nafuu nyingine hujileta yenyewe. Nyingine humngoja mwenyewe aiulizie.

Tuanze na ile inayojileta. Tarehe 25 Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mtu mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato. Sheria ikatoka mwezi wa Aprili. Hakuna aliyepanga foleni, kwa sababu hesabu yote ilifanywa na mwajiri. Kodi ya asilimia 10 ya shilingi 24,000 ni shilingi 2,400. Na punguzo la mlipa kodi lilipandishwa kutoka shilingi 1,408 hadi shilingi 2,400 kwa mwezi. Basi hakubaki kitu cha kukatwa. Kijana aliyefanya kazi kiwandani Thika aliiona nafuu hiyo katika karatasi yake ya mshahara. Baba yake shambani, aliyengoja noti mkononi, alingoja bure.

Njia ya pili ni kurudishiwa kodi iliyokatwa kupita kiasi. Kwa mfano, sheria humpa mwenye bima ya maisha punguzo la asilimia 15 ya ada anayolipa. Akilipa shilingi 2,000 kwa mwezi, punguzo lake ni shilingi 300, yaani 3,600 kwa mwaka. Ikiwa mwajiri hakuambiwa habari ya bima hiyo, fedha hizo zimekatwa bure. Hazitarudi zenyewe. Yampasa mwenyewe apeleke hesabu yake ya mwaka kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, kisha aombe kurudishiwa. Ombi litolewe kabla miaka 5 haijapita, na fedha huingia katika akaunti yake ya benki. Asiyejua mashine aende Huduma Centre ya Thika akasaidiwe. Asimwachie dalali nambari yake ya siri.

Njia ya tatu ni ya mkulima hasa, nayo ni mbolea ya ruzuku. Agosti 2023 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Nafuu hii hufuata daftari. Mkulima huandikwa kwa chifu jina lake, ekari zake na mazao yake. Kisha hupata ujumbe kwa simu, na kwenda ghalani na kitambulisho. Aliyeficha ekari kwa kuogopa kodi hupewa mifuko michache. Na shamba ambalo daftari lake lina jina la marehemu baba na simu iliyokwisha kupotea, ujumbe wake haumfikii mtu, na mvua haimngoji.

Basi, ndugu mkulima, usiulize "lini" tu. Uliza pia, "Nimeandikwa? Kwa jina la nani? Kwa simu ipi?" Kuuliza si ujinga. Nenda kwa chifu kabla ya kulima.