Kikohozi cha watoto wa nguruwe: chanjo inasaidia wapi, na inashindwa wapi

Kuna hasara yenye haipigi kelele. Nguruwe anakula kila siku, hafi, lakini miezi inapita na hajafikisha kilo za kuuzisha. Mara nyingi sababu iko ndani ya mapafu. Kwa kooperative yenye inafuga kwa ajili ya soko, chakula kinaendelea kulipwa na nyama haiongezeki. Njo maana wanamemba wengi wanauliza juu ya chanjo ya kikohozi. Tuielewe muzuri mbele ya kutosha feza.

Ugonjwa wenyewe

Mikrobe ya kwanza ya kuangalia inaitwa mikoplasma. Inashika vinyweleo vidogo vya ndani ya njia ya hewa, vile vyenye kufagia uchafu na makamasi kuelekea inje. Vinyweleo vikikufa, ufagio hauko tena, na mikrobe zingine zinaingia bila kizuizi. Kwa hiyo nguruwe anaanza na kikohozi kikavu, bila homa kubwa. Kisha mikrobe zingine zikiingia, anapata homa, anaacha kula na anapumua kwa tumbo. Mikrobe inatoka kwa mama na kuenda kwa watoto, kisha mutoto kwa mwenzake, pua kwa pua.

Lakini si kila kikohozi ni mikoplasma. Minyoo mikubwa ya tumbo, ikiwa bado midogo, inapita ndani ya mapafu, na nguruwe anakohoa. Vumbi ya chakula na harufu kali ya mikojo pia vinakohoza. Asubuhi, simamisha nguruwe wote, uwaache watembee, kisha uhesabu vikohozi kwa dakika tatu. Andika hesabu. Toa dawa ya minyoo, fungua hewa, safisha, na uhesabu tena kisha majuma mawili. Kama kikohozi kimebakia, ita veterineri.

Chanjo inafanya nini

Chanjo ya mikoplasma haifungi mulango kabisa. Nguruwe mwenye amechanjwa anaweza kupata mikrobe, lakini vidonda vya mapafu vinapunguka na anaendelea kukomaa. Kinga inaomba kama majuma mawili ao matatu ili ikuwe na nguvu. Kwa hiyo kuchanja wakati nguruwe wote wanakohoa ni kuchelewa: yule mwenye anagonjwa anahitaji matunzo ya veterineri, si chanjo.

Chanjo nyingi zinatolewa kuanzia juma la 3 la maisha. Zingine zinaomba dozi moja, zingine mbili. Zingine zinachanganya mikoplasma na sirkovirusi, virusi vyenye vinakondesha watoto kisha kuachishwa kunyonya. Kipimo, kwa kawaida mililita 1 ao 2, kimeandikwa kwenye chupa. Usifuate kipimo cha jirani, juu chupa yake inaweza kuwa ya aina ingine.

Mbele ya chanjo yote, kinga ya kwanza ni maziwa ya mama. Mutoto anyonye ndani ya saa 6 za kwanza. Kisha siku moja, matumbo yake hayapokei tena ile kinga.

Chupa moja, familia tano

Chupa ya dozi 50 ikishafunguliwa, itumike siku ile ile. Mwenye nguruwe mama mumoja, na watoto 10, atamwanga dozi 40. Hapa njo kooperative inakuwa na faida. Mukipanga ili nguruwe mama watano wapande katika juma moja, watazaa karibu pamoja, na chupa moja itatosha watoto wote 50. Kila familia italipa sehemu yake.

Lakini musikusanye watoto mahali pamoja kwa kuchanjwa: kikohozi na pesti vitatembea nao. Muchanjaji njo atembee, akinawa mikono na kusafisha viatu kwenye kila ferma.

Mambo ya kuchunga

• Baridi: digri 2 mpaka 8, toka duka mpaka kwenye ferma. Chanjo yenye imeganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Funga chupa ndani ya karatasi ao kitambaa, isiguse barafu.
• Tikisa chupa polepole mbele ya kuvuta dawa.
• Sindano fupi, kama sentimeta 1.5, ndani ya nyama ya shingo, nyuma ya sikio. Badilisha sindano kwa kila familia ya watoto.
• Usichanje mutoto mwenye homa ao mwenye kuhara. Usichanje siku ya kumuachisha kunyonya ao ya kumuhamisha, kama unaweza kungoja.
• Andika katika daftari: tarehe, jina la chanjo, namba ya chupa, hesabu ya watoto.

Chanjo hii haizuii pesti

Tuseme wazi: chanjo ya kikohozi haizuii pesti ya nguruwe ya Afrika. Kama nguruwe wakubwa na wadogo wanakufa kwa haraka, wana homa kali, na masikio ao tumbo vinakuwa vyekundu ao vya zambarau, simamisha kila kitu. Usiuzishe, usichinje, usihamishe nyama. Ita veterineri mara moja. Muchuuzi mwenye anaingia na sindano akisema dawa yake inazuia yote, umuonyeshe mulango.

Kwa mwenye nguruwe wawili ao watatu, feza ya kwanza iende kwenye dawa ya minyoo, majani makavu ya kulalia na ukuta wenye kuzuia upepo ya usiku lakini kuacha hewa ipite juu. Kwa kooperative yenye inanunua watoto toka ferma nyingi na kuwachanganya, chanjo inaweza kurudisha feza yake. Wekeni wapya pembeni majuma matatu ao mane, na kila kundi liingie na litoke pamoja ili nyumba isafishwe na kukauka.

Katika mukutano wenu wenye unakuja, chagueni mambo matatu: nani ana frigo yenye kufanya kazi, nani atachunga daftari, na nguruwe mama gani watapanda pamoja. Mukikosa jibu kwa swali la frigo, bado musinunue chanjo.